Benchi la Wajane

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko, na kazi yako ya kutengeneza majokofu inaendeleaje? Natumaini wewe ni mzima na unakula vizuri, siyo kushindia chai kama kawaida yako. Huku hatujambo. Mimi ni goti tu linalonisumbua, maana kutwa nainama kufunga kamba za viatu vya watoto wa chekechea. Mama ni mzima, tena amenenepa kidogo, na ole wako umwambie.

Najua utajiuliza barua ya nini siku hizi wakati simu zipo. Kwenye simu unanikatiza, kaka. Tangu utoto hujawahi kuniacha nimalize sentensi. Hili halitaki kukatizwa, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama kambini kwenye uhakiki. Nilipoingia kwenye lile bwalo nilihisi nimerudi utotoni kabisa. Madirisha bado yamepakwa rangi ya kijani mpaka nusu, feni bado inalia kama mashine ya kusaga, na sakafu ina ile harufu ya nta. Nikatukumbuka sisi. Baada ya lile lori la jeshi kupinduka mazoezini na baba akafariki, mama alianza kulipwa pensheni ya mjane, nasi fungu la watoto, ila kwa sharti kwamba kila mwaka tufike pale tuonekane kwa macho: mama kwamba yu hai na hajaolewa, sisi kwamba bado ni watoto. Wanajeshi wana mambo! Kana kwamba mtu angejisingizia kuwa yatima kwa kupenda.

Mama alituandaa kama tunakwenda kwenye gwaride. Alitukagua kucha, akatukagua masikio, akatung'arishia viatu kwa ile brashi ya baba mpaka ukajiona uso. Unakumbuka mwaka ule ulipoota masharubu? Ulikuwa bado na haki yako ya mtoto, lakini umbo lilikuwa linakusaliti, umerefuka kama mlingoti. Mama akakunyoa kwa wembe wa baba asubuhi ile, akakukata juu ya mdomo, ukaenda bwaloni na kipande cha gazeti kimeganda usoni. Nilicheka mpaka nikafinywa. Tukitoka pale alitununulia soda, kila mtu na yake, jambo ambalo halikutokea siku nyingine yoyote ya mwaka. Nakuambia, mpaka leo nikinywa soda ya machungwa nasikia buti zikitembea.

Na lile benchi letu bado lipo. Wajane upande wa dirishani, na mkabala nao benchi la askari waliolemaa kazini, wanaofika kuhakikiwa ulemavu wao, eti isije ikawa mguu umeota tena. Pale ndipo tulipomfahamu Koplo. Nakumbuka ulivyomtazama mara ya kwanza mama aliposema kwamba huyu alikuwa ndani ya lori lile lile na baba. Alikuwa akitubishia hodi kwenye mguu wake wa bandia, halafu anajijibu kwa sauti nyembamba kwamba wenyewe hawapo, wamekwenda sokoni. Mimi nilivunjika mbavu. Wewe hukucheka hata siku moja. Ulikaa umekunja uso, na nadhani hapo ndipo ulipoamua kwamba yule ni mtu aliyerudi mahali pa baba.

Sasa nisikuzungushe. Mama ameolewa na Koplo.

Usirushe barua. Tulikwenda kwa msajili wa ndoa siku chache kabla ya uhakiki, bila shamrashamra. Shahidi wa upande wa mama nilikuwa mimi. Mama alivaa gauni lake la bluu, Koplo alivaa suti iliyomkaa kama ya kuazima, na msajili akadhani wamekuja kuandikisha ndoa ya mtoto wao. Walicheka wote wawili kama vijana.

Kwa hiyo siku ya uhakiki wajane wenzake walikuwa wameshazinusa habari. Mama mmoja wa zamani kule kota, yule mjane wa mpishi aliyekuwa akitugawia maganda ya viazi kwa ajili ya sungura wetu, alimvuta mama pembeni akamwambia asiwe mjinga. Kwamba wako wengi pale wanaishi na wanaume zao miaka na miaka, na ukiulizwa unasema hapana, unatia sahihi, unakwenda zako, serikali haina macho chumbani kwa mtu. Mama alimshukuru, akamuuliza habari za wajukuu.

Zamu yetu ikafika. Karani siku hizi ni binti mmoja mwenye miwani, mpole, sauti yake haiendani na magwanda. Akasimama kama utaratibu unavyotaka, akaita cheo cha baba, namba yake ya jeshi na majina yake yote matatu. Mama akasimama wima, mguu sawa, akajibu kama alivyojibu miaka yote kwamba yupo kwa niaba yake. Binti akauliza kama bado hajaolewa. Mama akasema ameolewa.

Kaka, ungemwona yule binti! Alijifanya hakusikia. Akasema feni inapiga kelele, mama arudie. Mama akarudia. Binti akaagiza feni izimwe, akavua miwani, akaifuta, akauliza mara ya tatu huku anamtazama mama kwa macho ya kumsihi. Mama akasema kwa sauti ya kutosha kiwanja cha gwaride kwamba ameolewa, na mumewe ndiye yule pale, na akamnyooshea kidole. Benchi la walemavu likalipuka. Mmoja alipiga mluzi, mwingine akagonga gongo lake sakafuni. Koplo alitaka kusimama kwa heshima, mguu ukagoma, akarudi chini kama gunia, na hapo hata karani akacheka. Kisha akaandika alichopaswa kuandika, mama akatia sahihi, na pensheni ya mjane ikawa imefungwa.

Tulipotoka nje mama aliketi kwenye ngazi akalia. Mimi na akili zangu hizi nikadhani analilia pensheni. Nikaanza kumpangia hesabu: mimi nitaongeza kidogo, wewe utatuma kidogo, Koplo ana malipo yake ya ulemavu, hatutalala njaa. Akaniambia ninyamaze, ninamchosha.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Koplo alimwomba ndoa zamani sana, wakati mimi ningali sekondari na wewe hujaondoka. Akakataa. Akamwomba tena na tena, akakataa. Koplo aliamini anaogopa kupoteza pensheni, na mama akamwacha aamini hivyo kwa sababu ndiyo sababu inayoeleweka. Kumbe sivyo. Aliniambia kwamba nyumbani baba ni baba yenu, kwa majirani ni marehemu, kwa ndugu zake hata hatajwi tena. Duniani pamebaki mahali pamoja tu ambapo mtu mwenye magwanda anasimama na kumwita kwa cheo chake, namba yake na majina yake kamili, na lazima mtu ajibu. Alikuwa akiisubiri siku hiyo mwaka mzima. Angeolewa, asingeitiwa tena. Kwa hiyo alimnyima Koplo, akajinyima na yeye, miaka yote hiyo, ili mara moja kwa mwaka amsikie mume wake akiitwa kama mtu aliyechelewa tu kufika.

Ndipo likatoka tangazo kwamba kuanzia mwakani uhakiki utakuwa wa alama za vidole, dukani kwa wakala. Unaweka kidole, mashine inalia, basi. Hakuna wa kuita, hakuna wa kujibu. Siku alipolisikia, mama alimwambia Koplo ndiyo. Angeweza kuandika barua tu kuwaarifu jeshini kwamba ameolewa, asingehitaji hata kufika. Alikwenda ili amsikie mara ya mwisho, na akasema hangeweza kumwitikia baba kisha hapo hapo aseme uongo.

Niliona aibu kwa hesabu zangu. Tukalia wote pale kwenye ngazi. Koplo alipofika alisimama tu mbele yetu akitukinga jua. Anakusalimu sana. Anasema hataki umwite baba, baba yako anamjua, alikuwa sajini wake. Mwite Koplo. Picha ya baba ameitundika mwenyewe sebuleni kwao, na amenigombeza nilipoipangusa kwa kitambaa kichafu.

Sasa kuna moja limebaki, na hili ni langu. Ile siku uliponipigia simu, baada ya mama kunituma nikudokezee kwamba anataka kuolewa na Koplo, ukaniambia nimfikishie kwamba akiolewa na yule mtu hutakanyaga tena nyumbani kwake na asikuhesabu kuwa mwanawe, nilikuambia sawa. Kaka, sikumfikishia. Kila akiniuliza umesemaje, namwambia una kazi nyingi, unawaza, utapiga simu. Mama hajui lolote. Kwa hiyo maneno yale bado hujayasema. Yako kwangu, na mimi nimechoka kuyabeba. Ukiyataka, nitakurudishia wewe, lakini kwa mama sitayapeleka.

Ila ninakuomba. Mpigie Jumapili, atakuwa nyumbani. Usianze na shikamoo, shikamoo ataingoja. Anza na cheo cha baba, namba yake unaijua, na majina yake yote matatu, kwa sauti ya kutosha. Halafu nyamaza, umsikilize anavyoitika.

Wasalimie wote wanaokufahamu huko, na mwambie mpishi wa kantini yenu akuongezee chakula kwa gharama zangu. Watoto wangu wa chekechea wanakusalimu, ingawa hawakujui. Nakutakia afya njema na moyo mwepesi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiroboto