Ukimya Sitaufuta

Jumanne, Buffalo

"Futa sehemu ya ukimya," profesa wangu ameniambia leo kuhusu sura ya tasnifu yangu, inayoeleza wasichana wanavyosaidiana. Donc, yaani kwake msaada ni maneno tu.

Wasichana wa Kilatino ninaowafanyia utafiti hupigiana simu ya video jioni, kila mmoja chumbani kwake, wakasoma pamoja bila kusema. Marisol wa Columbus, aliyekuwa karibu kuacha chuo, aliniambia: "Nikiwaona wenzangu wameinamia vitabu, na mimi nainamia changu." Profesa anasema hawasemi kitu, kwa hiyo hakuna cha kuchunguza.

Kwetu mtu akifiwa, wamama wanakuja wanakaa chini naye. Baba alipokufa walikaa hivyo, kimya, mpaka Mama mwenyewe akaomba chai. Nani ataniambia ule haukuwa msaada?

Naogopa, ndiyo. Bila sahihi ya profesa sina shahada.

Bon, basi, nimempigia Mama simu ya video, yuko Louisville. Ametoka kazini ghalani, anakunja nguo. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nikaendelea kuandika sura ileile.

"Mbona husemi?" ameuliza.

"Sina neno, Mama. Kaa tu."

Amekaa. Nimeandika kurasa tatu, na sijafuta hata mstari.