Gari la Stima Halijafika na Mke Ameondoka

Wewe Absalom, huna haya? Mwanamume mzima, mwenye watoto, unamfukuza mke wako ili upishe gari ambalo hata moshi wa meli yake haujaonekana Mombasa! Wasomaji, barua yake hii hapa. Someni, kisha mniachie.

*Mpendwa Nyanya Ndunge, mshauri wetu, naomba msaada wako maana nyumba yangu inavunjika na mimi sioni kosa langu ni lipi. Ninafanya kazi hapa Thika katika gereji ya Bwana Amrik Singh, ile ambayo matajiri hulaza magari yao, na mwaka huu Bwana Singh alisikia kwamba Uingereza kuna magari yanayokwenda kwa stima bila petroli, akasema yatafika na huku na lazima sisi tuwe wa kwanza, basi akajenga mahali pa kuyachaji kwenye kona ya gereji, akaweka nyaya na swichi kubwa na sakafu ya simiti, akanichagua mimi kuwa msimamizi na kunipa koti la vifungo vya shaba.*

*Sasa Nyanya, kwenye kona hiyohiyo ndipo mke wangu Selpha alikuwa akiuza uji kwa madereva wa malori na watu wa kiwandani, na tangu nivae koti, Musau, fundi wa kuziba pancha hapo gereji, akaanza kunisimanga mbele ya watu, "Bwana Stima, hilo gari likija utalichaji kwa waya ama kwa uji wa wimbi?" wakacheka mpaka wakashikilia matairi, nami nikaona aibu, nikamwambia Selpha, "Mama Jentrix, bwana mkubwa amesema uondoke, magari yanataka nafasi ya kugeuka." Akaniuliza, "Magari gani, Baba Jentrix?" Nikamwambia yako njiani. Ukweli ni kwamba Bwana Singh hakuwa amesema hivyo, lakini niliona angesema kama angepata wakati wa kufikiri.*

*Selpha akabeba sufuria zake na watoto, akahamia kwa shangazi yake huko Gatongora, karibu na Ruiru, na sasa anauza uji kwenye lango la kinu cha kahawa kule Ruiru, na madereva wa malori wamemfuata, pancha zao wanazibia hukohuko, gereji yetu imekuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Jana Bwana Singh akaniita, "Absalom, mama ya uji iko wapi? Nani nafukuza yeye?" Nikajibu kwamba ameenda kumwuguza mama yake. Sasa nifanye nini, maana akirudi uongo wangu utajulikana na koti nitavuliwa, na asiporudi gereji itakufa, na mimi nakula ugali na chumvi peke yangu? Nilimtumia ujumbe arudi atubu kwa kupinga maendeleo, akajibu kwamba tutaongea siku gari la kwanza litakapofika. Nisaidie nimrudishe katika utii.*

*Wako mtiifu, Absalom, Msimamizi wa Magari ya Stima, Thika.*

Msimamizi wa nini? Unasimamia simiti.

Sikiliza, mwanangu. Kuchekwa kunauma, hilo silikatai, na huyo Musau mdomo wake umetoboka kuliko mipira anayoziba. Lakini aliyekuchoma ni Musau. Mbona hukumgeukia Musau? Uliona ana ngumi nzito, ukamwendea mwanamke aliyeshika mwiko. Kisha ukaogopa hata kumfukuza kwa jina lako, ukaazima jina la Mhindi wa watu!

Na hayo maendeleo unayonihubiria, hebu tuyatazame. Mimi sikusoma sana, lakini jirani yangu Mukonyo ana redio, na betri yake huipeleka kuchajiwa asubuhi, ikarudi jioni. Hiyo ni redio tu. Gari zima je? Dereva atafanya nini muda wote huo, ahesabu vifungo vyako? Atataka benchi. Atataka kitu cha moto tumboni na mtu wa kumpa habari za mji. Hayo yote yalikuwepo kwenye kona hiyo kabla ya swichi, na wewe ndiye uliyeyatimua. Kwetu, anayemfukuza ndama hashangai ng'ombe akibana maziwa. Wewe umemfukuza ndama, sasa unalilia maziwa.

Utii? Huyo mwanamke aliambiwa aondoke, akaondoka. Utii gani tena unautaka? Amebeba watoto, amebeba jiko, amepata wateja, na hakukutukana. Mimi ningekutukana.

Uongo wako nao usikusumbue tena. Jina lako nimelichapisha. Gazeti hili likitoka Nairobi hushushwa Ruiru kwanza ndipo lifike Thika, kwa hiyo wewe ukiwa hapo unasoma, Selpha amekwisha kusomewa, na shangazi yake amekwisha kusomewa mara mbili ile sehemu ya Bwana Singh kukosa wakati wa kufikiri. Bwana Singh naye ana macho.

Basi vua hilo koti. Mwendee Bwana Singh kabla hajakuita, umwambie kwa mdomo wako, "Mimi ndiye niliyemfukuza." Akikufuta kazi, ni haki yake. Kisha chukua baiskeli mpaka Gatongora. Usiingie ndani kabla ya kuitwa. Simama uani, majirani wakiwa wamejaa, useme, "Mama Jentrix, nilidanganya kwa sababu niliona aibu." Ukishasema hivyo funga mdomo, usitaje magari. Akitaka kubaki Ruiru, hama wewe, umfuate, ukamchotee maji. Akikubali kurudi, sufuria zote utazibeba wewe, mchana kweupe, mpaka Thika.

Weka gazeti chini. Panda baiskeli.