Mmea Huu, Si Mmea Huyu

Nakivale, tarehe 9 Juni 2013

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Madeleine, Uvira,

Nakusalimia katika jina la Bwana, wewe pamoja na shemeji na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma Appolinaire ilikufikia, ao alijichua mwenyewe njiani? Sisi huku ni wazima. Mvua imekatika mapema, lakini tunakula na tunalala, hatuwezi kumnung'unikia Mungu. Barua hii anakuletea Appolinaire huyohuyo. Ningekupigia simu, ila habari yenyewe ni ndefu, na uniti zingeisha kabla hujamaliza kucheka.

Habari ni ya Mariette wetu. Lakini lazima nianze na bustani ya shemeji yako Ngoga, maana bila bustani hutaelewa namna tulivyokaribia kuaibika mbele ya watu.

Unamjua Ngoga. Alisoma Kiswahili kwa mapadri, na tangu hapo hatupumziki. Mimi nikisema mmea inataka maji, ananikatiza: unataka, Mama Mariette, mmea unataka. Miaka yote ya ndoa, yaya! Sasa nyuma ya nyumba amepanda vitu viwili. Juu ya kichanja cha miti na waya kuna marakuja, yale matunda ya juisi. Chini, fasi tunapooshea vyombo, kuna seleri ya kutia kwenye sombe ninapopika majani ya muhogo. Hiyo mimea miwili anaihubiri kuliko padri anavyohubiri Injili. Mgeni akija kuomba moto tu, ataondoka anajua mizizi ya seleri inakwenda wapi.

Marakuja hayo ndiyo yaliyomkutanisha Mariette na Déo. Siku ya kwanza alipopeleka kapu sokoni Ruti, kule Mbarara, mama mmoja Munyankore akamwuliza kama anauza butunda. Mtoto akafikiri anadharauliwa, kwamba anaambiwa anauza vitunda, matunda madogo-madogo. Akawaka, akamwambia mama wa watu akanunue macho kwanza. Kijana mmoja aliyekuwa anauza viatu pembeni ndiye aliyeingia katikati, akaeleza kwamba huku Uganda marakuja ndiyo wanayaita butunda, hakuna tusi. Huyo ndiye Déo, mtoto wa watu wa Fizi, mwembamba lakini ana adabu. Tangu siku ile Mariette anakwenda Ruti hata wakati mmea hauna tunda moja.

Basi, mwezi wa nne Déo akatuma habari kwamba wazee wake watakuja Jumapili kumposa Mariette. Mimi nikamwambia Ngoga, akaitika ehee huku anafunga kamba kwenye kichanja. Kwetu, kama ungekuwa ni wakati wa zamani, ndugu zake wangekaa naye na mmoja wao angekuwa msemaji wetu. Lakini ndugu wako wapi? Ukimbizi umetutawanya. Ikabidi baba mwenye mtoto ajisemee mwenyewe, na hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Wageni wakaja wanne, Déo mwenyewe kati yao, wamevaa makoti. Msemaji wao alikuwa Mzee Karekezi, mjomba wa Déo, mtu wa maneno ya kuzunguka. Akasema walipita njiani wakaona kwetu mimea miwili. Mmoja amepanda juu anatazama jua, mwingine bado yuko chini karibu na maji. Wote wazuri, ila mioyo yao imempenda yule aliyepanda juu, na mmea huyu wanaomba wamhamishie kwao Ruti. Nilifurahi, yaya, maana aliyepanda juu ni Mariette na wa chini ni mdogo wake Goretti, nikaona mambo yanakwenda kwa heshima. Ngoga akakohoa, akamwambia mzee wa watu kwamba haisemwi mmea huyu, husemwa mmea huu.

Halafu akaanza! Akasema mmea unaopanda unataka jua mchana kutwa na kitu imara cha kushika, ukiupa mti dhaifu utauangusha mti. Wageni wote wakamgeukia Déo, naye akakunja mikono yake myembamba kama vijiti akaificha. Ngoga akaendelea kwamba haupendi maji ya kusimama miguuni, na ukiuhamisha ukubwani unakufa. Kwa hiyo ule hautoi, hata waje na ng'ombe. Lakini seleri, akasema, ni kitu kingine kabisa. Inataka kivuli na maji kila siku, ukiinyima siku mbili inakuwa chungu, hakuna atakayeweza kuiweka mdomoni. Ukiikata leo, kesho kutwa imerudi. Hiyo wachukue yote, bure, hata leo, kwani kila mwenye kupita njiani anachuma.

Wakati huo Goretti wetu alikuwa anaingia na sinia ya Fanta. Sinia ikaenda chini na Fanta zote.

Yesu wangu, nilitaka ardhi inimeze. Wageni wakaagana na sisi kwa sauti ndogo. Mariette akajifunika blanketi mchana, akakataa chakula. Goretti akamwuliza baba yake ni nani hao wanaomchuma njiani, na kwa nini yeye ni wa bure. Mimi nilimfokea Ngoga mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Yeye akakaza shingo tu: nilisema seleri, nilimaanisha seleri.

Siku ya tatu ujumbe ukafika kutoka Ruti. Mzee Karekezi alisema neno la baba mbele ya wazee ni kama maji, likimwagika halizoleki. Nyumba ikikupa kitu, huchagui. Watakuja Jumapili kuchukua seleri. Tukasikia Déo analia kama mtoto, lakini kumpinga mjomba wake hathubutu. Yaya, nilimwona mtoto wangu mmoja anakwenda kuolewa na mchumba wa mwingine, na wote wawili watanichukia mpaka kaburini.

Aliyetuokoa ni Goretti. Asubuhi ya Jumapili aling'oa seleri yote na mizizi yake, akaijaza kapu, akaifunika kwa jani la mgomba. Wageni walipokaa, akaingia, akapiga goti, akaweka kapu mbele ya Mzee Karekezi. Akasema baba yake aliahidi seleri na seleri ni hii, neno limetimia. Kama kuna mzee aliyesikia siku ile jina la mtu, alitaje. Hakuna aliyeweza, maana hakuna jina lililotajwa. Mzee Karekezi akafunua jani, akanusa, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua koti.

Alipomaliza kujifuta machozi alisema safari hii mimea ikae shambani. Wanamwomba Mariette, binti wa Ngoga, awe mke wa Déo. Sote tukamtazama Ngoga. Akauliza sasa nani atakuwa anamfungia kamba za marakuja. Hakuna aliyecheka. Mariette akaenda akakaa chini karibu na miguu yake, naye akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nilimkuta peke yake chini ya kichanja. Akaniambia mwenyewe kwamba siku ile ya kwanza alisikia, alielewa tangu neno la kwanza. Alifikiri akizungumza mambo ya mimea kwa kirefu watachoka waende zao. Akanikumbusha mwaka tisini na sita, tulipokimbia, wewe ukabaki, mimi na Goretti mgongoni, yeye na Mariette mabegani. Mtoto alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili hadi tukavuka mpaka wa nchi. Alisema mpaka leo anaisikia ile mikono. Mimi niliyemfokea wiki nzima nilikaa chini nikalia.

Jana Jumamosi tulikwenda naye Ruti. Alibeba mche wa marakuja ndani ya mkebe wa mafuta, akachimba shimo mwenyewe karibu na ukuta wa nyumba ya Déo, akamwita kijana karibu. Akaanza vizuri: mmea huu unataka jua, unataka kitu imara cha kushika. Halafu sauti ikapungua. Akamwambia Déo asimwache na kiu, asimfunge kamba kwa kukaza, na akichelewa kuzaa asimlaumu, amngojee. Mimi nilikuwa nimesimama pale, yaya, nikingoja ajikosoe. Hakujikosoa.

Harusi ni mwezi wa nane. Uje, nakuomba, hata kama mgongo unauma, mtoto anataka shangazi zake na mama zake wakubwa wote. Goretti anakusalimia sana. Anasema atakayekuja kumposa yeye aje anataja jina, na awe amekula, asije kwa ajili ya mboga. Uje na mbegu za seleri pia, kwa sababu watu wa Ruti walipika yote na sombe yangu sasa haina harufu. Msalimie kila anayetukumbuka, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mukandoli, Mama Mariette