Karatasi Uliyoniomba

Maseru, Jumanne

Mpendwa kaka yangu, Abuti Seabata,

Nakusalimu kutoka huku bondeni, nikitumaini salamu hizi zitakukuta umeketi karibu na moto na si nje ukihangaika na kondoo. Mama anaendeleaje? Goti lake je? Anakula, au bado anaonja tu kisha anasukuma sahani? Mwambie sweta niliyomtumia ni ya kuvaliwa, si ya kuwekwa sandukuni ingojee harusi ya mtu. Na wewe kifua chako nakijua, ulirudi nacho kutoka machimboni na baridi ya huko juu haikipendi. Kunywa ile dawa hata kama ni chungu. Mimi nipo. Nakula, nalala kidogo.

Barua hii nampa dereva wa basi la Mokhotlong kesho asubuhi, pamoja na sukari na majani ya chai, ili ikufikie kabla ya Jumamosi. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili. Mara zote ulipokea, nikaishia kukuuliza habari za kondoo. Kwenye simu unanihurumia kabla sijafungua mdomo, na huruma yako kwa sasa siiwezi.

Uliniomba karatasi. Ulitaka bosi wangu aandike, apige mhuri, kwamba Jumamosi ile ya sikukuu ya Mfalme nilikuwa kazini, nilisoma utabiri kama ulivyokuwa, na hakuna aliyejua kuwa theluji inakuja. Ulisema ukiishika karatasi hiyo mkononi, Jumamosi hii yule mzee, Ntate Letuka, atalazimika kuomba radhi mbele ya chifu na kijiji kizima cha Ha Sekhonyana, na jina langu litasafishika. Nimekaa na ombi hilo wiki nzima. Nitakujibu, ila niache nifike kwa miguu yangu.

Kazi yangu mnaiona kwenye kioo cha televisheni tu. Mnafikiri nasimama mbele ya ramani ya nchi yetu. Abuti, pale hakuna ramani. Kuna ukuta mtupu wa kijani, nami naupapasa huku nikijitazama kwenye kioo kidogo cha pembeni, nijue kama mkono wangu umefika Leribe au bado uko Quthing. Nikitoka hapo, mji mzima unanidai jua. Wanawake wa sokoni wananilaumu nguo zao zikilowa. Kuna mzee mmoja kwenye foleni ya benki aliniomba niisogeze mvua mpaka binti yake aolewe, na nilipocheka akaniambia umaarufu umenipanda kichwani.

Majira ya baridi ndiyo hatupumui. Hewa baridi ikianza kupanda kutoka Rasi, kule kusini, simu hazinyamazi. Wenye malori wanauliza barabara ya mlimani, wageni wanauliza kama theluji itatosha kuteleza. Kwao theluji ni likizo. Siku moja mama mmoja alinipigia akiwa na hasira kwamba nimemwahidi theluji Ijumaa, watoto wamekuja na vifaa vyao vyote, na wameambulia majani makavu. Nilimwomba radhi. Sisi tuliozaliwa huko juu hatujawahi kuikasirikia theluji kwa kutokuja.

Miaka minne sijakaa nyumbani sikukuu hata moja. Krismasi kazini, Pasaka kazini, mnachinja mnakula, mimi nawatakia heri kwenye kioo. Baba hakuwahi kunung'unika. Mwaka huu tu ndio aliniomba nije kwa sikukuu ya Mfalme, akasema kuna kondoo amemtenga na angependa nimwone kabla hajawa mchuzi. Nilimwambia nina zamu Ijumaa hadi Jumapili. Akasema kazi ni kazi, wataniona jioni.

Mengine unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyempangusa theluji usoni. Jumapili alfajiri alitandika farasi, akapakia chumvi, akapanda kwenye zizi la mlimani kuwaona kondoo. Alasiri theluji ikaanza. Mlimpata Jumatano chini ya jabali, na farasi amesimama kando yake. Mimi nilifika Alhamisi, mkanipisha nipite, watu wakanishika mikono na kusema mbingu zimenisaliti hata mimi ninayezisoma. Mlinipa kiti karibu na mama. Nilikaa.

Halafu mazikoni Ntate Letuka akasimama, rafiki wa baba tangu wakiwa vijana, blanketi lake limefungwa vibaya. Akaeleza kwamba Jumamosi magharibi alikuwa kwetu. Alikuwa amesikia kwenye redio ya ng'ambo ya mpaka kuwa theluji nzito iko njiani, akamsihi baba asipande. Kisha akasema neno kwa neno alichojibiwa na baba: "Letuka, hiyo redio ni ya watu wengine. Mimi mtoto wangu amesema jua, nimemwona kwa macho yangu sasa hivi. Unataka nimwamini nani?"

Ulimwita mwongo, Abuti. Ulisema ana wivu na malisho yetu, na kwamba anataka kumtundikia maiti binti wa watu. Na wanaume walipoanza kufukia, mzee alipochukua sepetu atupe udongo wake kama rafiki, ulimnyang'anya. Akarudi nyuma akasimama na wanawake. Niliyaona yote nikiwa hatua tano tu. Ulinitazama ukidhani umenitetea, nami nikainamisha kichwa ukadhani ninalia.

Ntate Letuka hakusema uongo. Kila neno alilolisema ni kweli, na karatasi uliyoniomba haiwezi kuandikwa, kwa sababu Jumamosi ile sikuwa kazini. Sikuwa hata nchini. Nilikuwa Durban.

Nilikwenda na Molefi, yule mwalimu niliyewahi kukudokezea. Usimkasirikie, hakujua lolote, na sasa hatuonani tena. Alhamisi nilirekodi taarifa mbili, ya Ijumaa nikiwa na blauzi ya buluu, ya Jumamosi nikabadilisha nikavaa ya manjano ili ionekane ni siku nyingine. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Alhamisi hiyo ramani zilionyesha jua tupu mpaka Jumanne, naapa. Nilitaka siku mbili tu za kuwa mahali pa joto, nivae gauni bila blanketi juu yake, nisiulizwe mvua na mtu yeyote. Nasikia aibu kwamba sababu yenyewe ni ndogo hivi. Laiti ingekuwa kubwa.

Jumamosi mchana nilikuwa nimesimama baharini, maji yananifika magotini, Rorisang akanipigia. Ni kijana mwenzangu wa ofisini, ndiye aliyebaki zamu. Aliniambia ramani zimegeuka tangu asubuhi, hewa baridi imekata kona inakuja moja kwa moja milimani, theluji itashuka Jumapili usiku na huenda ikawahi. Alikuwa ameshaandika taarifa mpya. Alitaka aisome mwenyewe jioni ile.

Nilimkataza. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa namna nyingine na haikubali. Nilimwambia, "Iache ile ya juzi kama ilivyo. Baba akiona sura nyingine atajua sipo." Akasema, "Ausi, dada yangu, huko juu watu wanakusikiliza wewe." Nikamjibu kwamba theluji ni ya usiku, mimi Jumapili alasiri nitakuwa nimesharudi, nitawaonya mwenyewe na muda utatosha. Ni mdogo kwangu kazini, akatii. Ningeweza kumwambia asome na amwambie baba kuwa naumwa, lakini unamjua baba, angepanda basi la kwanza akaja Maseru na kuku kwapani. Niliwaza hilo, nikacheka peke yangu pale majini. Nilicheka, Abuti.

Jumapili jioni nilisimama mbele ya ule ukuta nikawaonya watu wa milimani wasitoke majumbani. Nilisema vizuri sana, kwa sauti ya kazi. Wakati huo yeye alikuwa tayari yuko ndani ya theluji.

Jana nilimweleza bosi kila kitu. Alifunga mlango, akaniuliza nani mwingine anajua, akanishauri nipumzike nisiseme nje. Nimemwambia nitasema, na nimemwandikia kuwa Rorisang hana kosa. Basi mkiwasha televisheni jioni msiponiona, msidhani naumwa.

Jumamosi usimpeleke Ntate Letuka mbele ya chifu. Au mpeleke, lakini nisubirini. Nitapanda basi la alfajiri, nisimame pale nilipopaswa kusimama siku ya mazishi, niseme kwa mdomo wangu. Kabla ya hapo nenda kwake wewe mwenyewe, umwamkie kama ulivyokuwa unamwamkia zamani. Ukihitaji kunilaani, nilaani mbele yake, itamfaa. Na ikiwa hutaki nilale nyumbani usiku huo nitakuelewa, sitauliza mara mbili.

Kuna jambo moja limebaki, na hili silipatii dawa. Siku ile ya mazishi, baada ya watu kuondoka, mama alinivuta kitandani kwake akanieleza kinachomfanya apumue. Alisema Jumamosi jioni, nilipomaliza utabiri na kuwatakia watu usiku mwema, baba alivua kofia, akaniitikia kwa sauti kana kwamba nipo chumbani: "Na wewe pia, mwanangu, lala salama." Mama akaniambia nishukuru, kwa sababu watoto wengi hawapati kuagana na baba zao, na mimi niliagana naye, tukiwa tumetazamana. Amenisimulia hivyo mara tatu sasa, na kila mara anatabasamu.

Mpe mama salamu zangu nyingi, na Ntate Letuka, na majirani wote watakaouliza. Msomee mama mwanzo wa barua hii, habari za sweta na yule mzee wa benki, acheke. Hayo mengine mfiche mpaka Jumamosi. Ile faraja yake ya usiku mwema ni mimi nitakayemnyang'anya, kwa mkono wangu, usinisaidie.

Ni mimi mdogo wako,

Matseliso