Nyanya Kwenye Kioo cha Bastola

Babu Delbert mpendwa,

Mama mzima, mbwa kanenepa, nami bado ndiye mlengaji hodari kuliko wote hapa Oklahoma, usibishe!

Kile kioo cha kulengea chenye kitone chekundu nilichokuchagulia, nilikizidisha mwanga ili wenzako wa mashindano ya shabaha wakionee wivu. Ulipochungulia ulicheka: "We kenge, hiki si kitone, ni nyanya iliyopasuka!" Kisha ukaishusha bastola. Ukasema macho yamekwisha, ukanipa bastola yako, ukaacha mashindano.

Jana muuzaji wa duka la bunduki kachungulia, kanicheka: "Mwanga wote huo wa nini? Hata mimi naona nyanya!" Akaupunguza. Kitone kikawa duara, kidogo kama punje.

Babu, macho yako yalisema kweli. Bastola yako sijaifyatua hata mara moja tangu unipe. Njoo Jumamosi uichukue, nikushinde kihalali.

Mjukuu wako mtukutu,
Wade