Paa la Sola na Mikorosho ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaibomoa ndoa yangu kwa mkono wangu, maana situlii, nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka uani. Mimi ni msanifu majengo, kwetu Rombo, nimeolewa hapa Newala na mwalimu Silvano, na shule anayofundisha imenipa kazi ya kuchora jengo la madarasa na maabara litakalojizalishia umeme, kwa sababu umeme ukikatika wanafunzi wanakwama katikati ya mtihani wa vitendo. Nimechora kuta nene, madirisha ya kupitisha upepo, paneli za sola paa zima, wakubwa wakausifu sana mchoro, lakini upande wa magharibi, kwenye shamba linalopakana na shule, kuna mikorosho ya mama mkwe, aliipanda na marehemu mumewe, na ikifika alasiri kivuli chake kitafunika paa, basi kamati ya shule ikasema itamlipa fidia mikorosho ikatwe, na mimi nikanyamaza. Mama akaniita mbele ya mawifi: "Sia, umekuja kuolewa au umekuja kunifyekea?" Tangu hapo haitikii shikamoo yangu, na Silvano amehamia kwa mama yake, anasema atarudi nikichora upya. Paneli zingeweza kukaa juu ya bwalo, kule hakuna mti, lakini jengo litapoteza sura na nitaonekana sijui kazi. Wakataji wanakuja wiki hii. Nifanyeje?

Sia, Newala

Marahaba, Sia mwanangu, na pole. Kubanwa kati ya kazi na ukweni kunachosha. Ila acha nikuseme kidogo. Jibu umeliandika mwenyewe, kisha ukalipita kama hukuliona.

Hebu niambie, mikorosho ikiondoka, jua la saa tisa litapiga wapi? Ukutani, madarasani kwenu. Watoto watatoka jasho, mwalimu mkuu atadai feni, na umeme wako utaishia kwenye feni. Unakata kivuli cha bure ili utengeneze ubaridi! Hilo ndilo jengo la kubana matumizi? Na kule kunyamaza kwenye kamati usikuite adabu. Uliogopa.

Leo hii nenda kwa mwalimu mkuu, awasimamishe wakataji. Paneli zihamie bwaloni, waya zivutwe mpaka maabara. Kamati ikikuuliza, sema ulikosea na umerekebisha. Hakuna msanifu aliyekufa kwa hilo.

Kisha nenda kwa mama mkwe mwenyewe, usitume mtu. Piga hodi. Asipoitikia, mwamkie tena. Mwambie mikorosho haikatwi, uishie hapo, usijitetee. Mumeo atakuwa humo ndani anasikia. Yenu mtayazungumza mkiwa njiani kurudi nyumbani.