Bata zenye zingali zinaruka

Vendredi, octobre 1996

Na miye sijashikaka bunduki ata siku moja! Luc, mwenzangu wa kazi, ameniita tukawinde bata ku visiwa vya Danemark, mu maji yenye ata yeye hajui. Naogopa baridi. Naogopa ule mtumbwi wake.

Bibi yangu, mama ya Esther wetu, haogope kitu. Leo ku maombi ya kanisa, pale Matonge, mtaa wa siye Waafrika huku Ulaya, amekwisha kugawa bata: mbili za pasteur, ine za waimbaji wa chorale. Nikamukatalia, siwezi kuahidi bata zenye sijaua. Yeye akaniuliza:

"Papa Esther, muntu anatokaka safari mikono bule? Unataka banicheke?"

Bon. Kesho nitapita kwa boucher, ule muuza nyama wa Schaerbeek, nimuulize kama anauzisha bata na manyoya yake. Matundu ya risasi nitatoboa miye mwenyewe, na musumari.